Penzi la Wawili, Nyumba ya Wengi: Mwongozo Kamili wa Kusoma Riwaya za Mapenzi na Familia, za Kale na za Leo

Wengi wetu tulikutana na riwaya darasani, tena kwa ajili ya mtihani. Tulifundishwa kuichambua: dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za usemi. Tukakariri sifa nne za mhusika mkuu, tukajaza karatasi, kitabu kikarudi kabatini. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima anayeweza kukutajia dhamira zote za riwaya ya Utengano, lakini ukimuuliza kama Maimuna, binti wa riwaya hiyo, aliwahi kumuumiza moyo, anakutazama tu. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo, na yeyote anayetaka kurudi kwenye riwaya za Kiswahili za mapenzi na familia akiwa mtu huru, bila swali la alama ishirini kumngoja mwishoni.

Nina hoja moja ninayoisimamia, na hatua zote zinazofuata zinatoka humo. Katika riwaya zetu penzi haliwi la watu wawili peke yao. Nyuma ya wapendanao kuna mjomba aliyepokea barua ya posa, mama aliyenyamaza, baba anayedaiwa, shangazi anayejua siri, jirani anayehesabu nani kaingia na nani katoka. Msomaji anayekimbilia kurasa za mahaba na kuziruka za ukoo, mashamba na madeni ameikosa riwaya yenyewe. Isome familia kwanza, na penzi utaliona lilivyo.

Hatua ya kwanza: chagua vitabu viwili viwili

Usisome kitabu kimoja kimoja kwa kubahatisha. Soma kwa jozi: kimoja kinachosimulia zama za nyuma, kingine kilicho karibu zaidi na sisi, vyote viwili vikigusa mahali pamoja au kidonda kimoja. Ukisoma hivyo, kitabu cha pili kinakufanya ukione upya kile cha kwanza.

Jozi ninayoipenda kuliko zote inatoka kisiwa kimoja, Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya ndoa ya Myombekere na Bugonoka, katika Ukerewe ya kabla ya wageni kutawala. Mswada aliukamilisha mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House (TPH) ikaitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 ya kungoja! Kila mara ninapokishika kitabu hicho, hilo linanirudia. Sasa weka kando yake Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa kisiwa hichohicho mwaka 1944, kijijini Namagondo, na riwaya yake inaanzia hapohapo. Kwa Kitereza utaona ukoo ukihangaika kuiokoa ndoa. Kwa Kezilahabi utaona nyumba ambamo baba mwenyewe ndiye moto unaoiunguza.

Jozi ya pili ni ya Unguja: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), inayosimulia miaka ya 1950 chini ya Waingereza, pamoja na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Zote mbili zina binti aliyezibiwa njia na watu wazima wa nyumbani kwake.

Ya tatu ni ya watoto waliotengwa na wazazi. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili, na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Isome pamoja na Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo kijana Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame wa Tanga, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua.

Anza na Vuta N'kuvute. Inakwenda kasi, mazungumzo yake ni ya watu kweli, na kufikia sura ya tatu hutaki kukiweka chini. Usianze na Kitereza hata kama ndiye wa kale zaidi. Anataka msomaji aliyekwisha kuzoea kukaa, kwa sababu kwake wageni hawaondoki mpaka wameagwa, chakula hakiliwi mpaka kimepikwa, na salamu hazikatwi katikati.

Kuhusu kuvipata: Vuta N'kuvute na Peponi utavikuta kwenye maduka ya vitabu ya Dar es Salaam, likiwamo lile la TPH katika Mtaa wa Samora. Utengano na Siku Njema zimesomwa sana katika shule za Kenya, kwa hiyo uliza kwenye maduka ya vitabu vya shule, na usidharau wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandika barabarani. Kitereza ndiye mgumu kupatikana. Jaribu Maktaba Kuu ya Taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Ukimpata mwenye nakala, azima kwa adabu na urudishe.

Hatua ya pili: andika miaka miwili kwenye ukurasa wa kwanza

Kabla hujasoma neno, tafuta mambo mawili: hadithi inatokea lini, na iliandikwa lini. Yaandike kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza, au kwenye kipande cha karatasi kama kitabu si chako.

Kwa Vuta N'kuvute utaandika "1950 na kitu" na "1999". Maana yake, mwandishi anawasimulia watu wasiojua kitakachotokea, wakati yeye anajua yote: uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, na familia nyingi za Unguja kutawanyika Bara, Oman na Uingereza. Wahusika wanaota kesho. Mwandishi na wewe mnaijua kesho hiyo. Pengo hilo ndilo linaloipa riwaya ya kihistoria uzito wake, na usipoandika miaka miwili mwanzoni utalisahau katikati ya utamu wa hadithi.

Kwa Rosa Mistika miaka inakaribiana, na hilo nalo lina maana yake. Kezilahabi hakusubiri mambo yapoe. Aliandika juu ya wasichana wa shule, waalimu, wakubwa wa serikali na wazazi walevi wakati watu hao wapo na wanajitambua. Riwaya ikazuiwa shuleni kwa muda. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini sauti yake ina haraka na hasira.

Ukikuta riwaya isiyotaja mwaka, tafuta alama. Fedha ni rupia au shilingi? Watu wanasafiri kwa jahazi, kwa treni, kwa basi? Askari anatumwa na Mjerumani au Mwingereza? Katika Peponi Wajerumani wameshaingia bara na vita ya 1914 inakaribia. Ukizisoma alama hizo mapema, hofu ya misafara na minong'ono ya wafanyabiashara haitakupita.

Hatua ya tatu: chora nyumba, usiishie kwenye ukoo

Chukua karatasi. Usichore mti wa ukoo peke yake, chora nyumba nzima: nani analala wapi, nani anapika, nani ana ufunguo, nani anaingia kwa mlango wa uani. Waandike hata wasio ndugu, yaani mtumishi, mpangaji, yaya, mkunga, mshenga, shoga wa mama. Mara nyingi ni hao wanaoibadilisha hadithi.

Katika Utengano ukichora ukoo wa Bwana Maksuudi utapata mume, mke Bi Tamima, binti Maimuna na kaka yake Mussa, basi. Karatasi itaonekana kamili, na utakuwa umemwacha nje Bi Farashuu, mzee anayefika kwenye nyumba hiyo na kisasi alichokilea kwa muda mrefu. Mchore, hata kama hujui umweke wapi. Halafu weka alama kwenye mlango, kwa sababu Maimuna amefungiwa ndani na kila anayevuka kizingiti anakuja na habari ya dunia asiyoiruhusiwa. Huwezi kumlaumu binti kwa kutojua njia kama hujahesabu ni mara ngapi katika maisha yake aliachwa atembee peke yake.

Sikiliza pia watu wanavyoitana, kwa sababu katika lugha yetu jina la undugu huja na haki na wajibu. Katika Peponi kijana Yusuf anamwita mfanyabiashara Aziz kwa jina la ndugu wa karibu. Utafika mahali utakapoambiwa waziwazi kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Ukiwa ulichora mstari wa undugu kwenye karatasi yako, itabidi uufute kwa mkono wako mwenyewe, na katika kuufuta ndipo utakapohisi kile anachokihisi mtoto.

Wasomaji wa Bara na wa Kenya wakumbuke kwamba Unguja na Pemba wana majina yao ya undugu, na nafasi ya shangazi au mjomba haiko sawa kila mahali. Usichukue mila ya kwenu ukaivisha nyumba ya watu wengine. Ukikwama, muulize mtu wa huko.

Ramani nayo inasaidia. Kwa riwaya za Unguja, tofautisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari ulizitenga sehemu hizo mbili, na Darajani ikapata jina lake kutokana na daraja la kuvukia. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Vuta N'kuvute aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa umri wa kuweza kumzaa, anapoikimbia ndoa hiyo na kupokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo, hatua zenyewe si nyingi. Lakini amevuka rangi, dini, tabaka na heshima yote ya jamaa zake. Jamaa wanamfungia mlango, na mwanamke asiye na damu yake hata tone anamfungulia. Mimi naiona hiyo kuwa sura ya mapenzi kubwa kuliko nyingine zote kitabuni, hata kuliko zile zake na Denge, kijana anayepambana na wakoloni. Wengi husoma kitabu hiki wakimfuata Denge tu. Mfuate Mwajuma pia.

Hatua ya nne: fuata mali

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae zaidi. Chukua penseli ya rangi, na kila panapotajwa fedha, mahari, zawadi, deni, shamba, ng'ombe, duka au urithi, piga mstari. Ukimaliza kitabu, kifungue upya na usome mistari hiyo peke yake. Utaona hadithi ya pili iliyokuwa ikitembea chini ya ile ya kwanza.

Anza na Peponi, kwa sababu humo jambo liko wazi kabisa. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayepandishwa treni bila kuelezwa kitu. Baba yake anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Hakuna aliyemchukia. Mama anamkumbatia, baba anamtazama, na bado anaondoka. Ukiusoma ukurasa huo kwa jicho la deni, utaacha kuuliza kama wazazi walimpenda, utaanza kuuliza mapenzi yana nguvu gani mbele ya daftari la mdai. Riwaya nzima inalibeba swali hilo, hata Yusuf anapokuwa kijana na moyo wake kuanza kumwelekea msichana naye aliye ndani ya uzio huohuo.

Kisha nenda kwa Kitereza. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwamba hazai. Myombekere anampenda mkewe na anamtaka. Anafuata taratibu: anakwenda ukweni, anajishusha, anakubali kutoa pombe ya ndizi kama fidia. Msomaji wa leo huweza kukasirika na kuona mke ananunuliwa kwa mitungi ya pombe. Punguza mwendo. Angalia kazi ya kuitengeneza pombe hiyo, watu anaowahitaji, siku zinazopita, namna ukoo mzima unavyolazimika kushuhudia kwamba mwanamume huyu amekiri kosa la watu wake. Wakati huohuo usijidanganye. Uliza Bugonoka mwenyewe aliulizwa lini, na jibu lake lilisikika na nani. Majibu yote mawili yamo kitabuni, na Kitereza ni mwandishi mwaminifu, hakuficha lolote kati yake.

Ukipata muda, ongeza Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), ambamo ardhi na urithi vinaingia mpaka ndani ya nasaba ya binti na haki yake ya kuitwa mtoto wa baba yake. Ni riwaya inayostahili wasomaji wengi zaidi kuliko ilio nao sasa.

Kwa kila mstari uliopiga, jiulize mambo matatu. Nani anapokea? Nani aliombwa ridhaa? Na nani anaweza kurudisha mali hiyo akajitoa? Hilo la tatu ndilo linalokata. Mwanamke katika riwaya hizi mara nyingi anaweza kuondoka ikiwa tu kuna mtu wa kurudisha kilicholiwa. Ukilijua hilo, hutasema kwa wepesi "si angeondoka tu."

Hatua ya tano: tafuta penzi mahali lisipotamkwa

Sinema zimetuzoesha kungoja neno "nakupenda". Katika riwaya hizi, hasa za zama za nyuma, ukilingoja utamaliza kitabu mikono mitupu. Myombekere hatoi hotuba. Nyumba inamwelemea bila mke, kazi ndogo zinakuwa kubwa, chakula kinakosa ladha, na Kitereza anakuonyesha hayo kwa kurasa nyingi, kwa utulivu. Hizo ndizo kurasa za mahaba. Usiziruke ukidhani hakuna kinachotokea.

Angalia nyimbo. Katika riwaya za pwani taarabu husema ambalo mhusika hawezi kulisema usoni, na wimbo huweza kuwa barua, tusi au posa. Ukiona mshororo wa wimbo ndani ya riwaya, usome kwa sauti, halafu uulize ni nani chumbani aliyekusudiwa.

Angalia barua. Katika Rosa Mistika barua moja ya kijana Charles inamfikisha Rosa kwenye kipigo cha baba yake, Zakaria, na kipigo hicho kinamfundisha binti kuogopa wavulana wote kabla hajamjua hata mmoja. Soma tukio hilo mara mbili. Mara ya kwanza mwangalie Rosa. Mara ya pili mwangalie mama yake, Regina: yuko wapi, anasema nini, anashindwa kusema nini. Kimya cha akina mama ni sehemu ya matini, kama yalivyo maneno.

Hatua ya sita: chelewesha hukumu

Shule zilituachia ugonjwa wa kutafuta "funzo". Rosa alipotoka, kwa hiyo wasichana wajihadhari. Maimuna alitoroka, akafika kwa Bi Kirembwe mwenye danguro, kwa hiyo mabinti watii. Nalipinga hilo kwa nguvu zangu zote. Ni usomaji unaomwachia baba atoke na mikono safi na kumwacha binti abebe mzigo wote, na waandishi hawa hawakuandika hivyo. Kezilahabi amemweka Zakaria mwanzoni kabisa, chupa mkononi, ili usije ukasema hukumwona.

Kanuni ninayopendekeza: usitoe hukumu juu ya mhusika yeyote mpaka umepita theluthi mbili za kitabu. Katika muda huo, kila anapofanya jambo linalokuudhi, andika pembeni swali moja: "Mwaka ule, mahali pale, alikuwa na njia gani nyingine?" Kisha tafuta jibu la kweli.

Mara nyingine jibu liko kwenye sheria. Mwaka 1971, ule ule uliotoka Rosa Mistika, Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana aliwekewa miaka 18. Ilichukua mpaka mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kusema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Ukisoma riwaya za miaka ya sabini huku ukiyajua hayo, unaona kwamba binti hakupambana na baba peke yake. Aliyekuwa nyuma ya baba ni mkubwa zaidi.

Kuchelewesha hukumu hakumaanishi kusamehe kila kitu. Bwana Maksuudi ni mtu mbaya na naomba ubaki umemkasirikia. Ila jua umemkasirikia kwa lipi hasa.

Hatua ya saba: maneno magumu

Usikimbilie kamusi kila mstari. Lugha ya Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed ina Kiunguja kingi, na utamu wake unakatika ukisimama kila dakika. Piga nukta pembeni ya neno, endelea, na mwisho wa sura angalia yale tu ambayo bado yanakusumbua. Mengi yatakuwa yamejieleza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha kwa sehemu kubwa. Kwa maneno ya pwani yasiyomo, mpigie simu mtu wa pwani, wanafurahi kuulizwa.

Hatua ya nane: soma na wengine, na uwaulize wazee

Riwaya ya familia ikisomwa na mtu mmoja inabaki nusu. Tafuta wenzako wanne au watano, wa umri tofauti ikiwezekana. Kundi la vijana watupu litakubaliana haraka mno juu ya Yasmin. Mweke mama mmoja aliyeozesha, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mshenga, uone mazungumzo yatakavyobadilika.

Mpango rahisi: kurasa kumi na tano kwa siku, siku tano za wiki, siku ya sita mnakutana, uso kwa uso au kwenye kundi la WhatsApp kwa ujumbe wa sauti. Kila mmoja alete kifungu kimoja akisome kwa sauti, aseme kwa nini amekichagua. Msianze na "dhamira ni nini". Anzeni na "ulimwonea nani huruma wiki hii, na wiki iliyopita ulimwonea nani?" Majibu yakiwa tofauti, riwaya inafanya kazi yake.

Halafu waulizeni wazee, kwa kuwaheshimu. Usimwendee bibi na maswali ya uchunguzi. Msomee ukurasa. Msomee pale Myombekere anapokwenda ukweni, au pale Yasmin anapokimbia, kisha nyamaza. Mara nyingi atakwambia, "Kwetu haikuwa hivyo," na hapo ndipo darasa linapoanza. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa, na kama atasema jambo la ndani la ukoo lisipeleke kundini.

Tahadhari moja naiweka kwa moyo wote. Baadhi ya vitabu hivi vinagusa majeraha ya watu walio hai. Mazungumzo ya Unguja ya miaka ya 1950 huishia 1964, na katika kundi lako anaweza kuwapo mtu ambaye familia yake iligawanyika mwaka ule, upande huu au ule. Vivyo hivyo kwa wasomaji wa Kenya na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2014), ambayo inasimulia familia zilizosambaratishwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Ridhaa anapoteza nyumba na watu wake kwa moto, na watoto akina Umulkheri wanatenganishwa. Kwa walioishi miezi ile iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hicho si kitabu cha kawaida. Kabla ya kuanza, kubalianeni kwamba mtu anaweza kunyamaza, anaweza kuruka sura, na hatadaiwa maelezo. Mkifika kwenye moto ule, wapeni wenzenu wiki nzima bila kurasa mpya.

Sinema nayo ina nafasi yake, ila baada ya kitabu. Amil Shivji aliigeuza Vuta N'kuvute kuwa filamu mwaka 2021. Itazameni pamoja mkiwa na ile michoro yenu ya nyumba mkononi, na mtafute nani ameachwa nje, nani amepewa nafasi kubwa zaidi, na Mwajuma amebaki na nguvu kiasi gani.

Ukimaliza jozi

Usifungue kitabu kipya siku hiyohiyo. Rudi kwenye sura ya kwanza ya vitabu vyote viwili uzisome mfululizo. Utakuta mwandishi alikwisha kukuambia karibu yote: nani atatoka, nani atabaki, nani analipa. Kwa jozi ya Ukerewe fanya zaidi. Soma ukurasa wa Kitereza juu ya wazazi wanaomtamani mtoto, kisha ufungue Rosa Mistika kwenye nyumba yenye mabinti watano na baba asiyewaona. Andika nusu ukurasa, kwa ajili yako mwenyewe, juu ya kilichobadilika kisiwani kati ya vitabu hivyo: shule, misheni, fedha, pombe ya kununua, safari za kwenda mjini.

Baada ya jozi tatu utakuwa tayari kujitungia zako. Pendekezo langu la kwanza ni Nyota ya Rehema pamoja na Kuli ya Adam Shafi (1979), inayotupeleka kwa wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Moja inaanzia shambani, nyingine bandarini. Soma Nyota ya Rehema kwanza, na ile penseli ya rangi iwe mkononi.